Kura Elfu Moja na Mia Mbili za Hewani

Bahasha ya matokeo ilifika Garsen Jumanne asubuhi kwa basi la Malindi, imejikunja katikati kwa sababu dereva alikuwa ameikalia njia nzima isipeperushwe na upepo. Pauline Hiribae aliipokea kituoni, akaipangusa vumbi kwa upindo wa leso, akatembea nayo haraka hadi ofisini kama mtu aliyebeba mayai.

Pauline alikuwa karani wa Delta Njema, shirika la misaada lililoingia Garsen pamoja na mafuriko ya Elnino na, tofauti na mafuriko, halikuondoka. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Katika chumba cha kwanza alikaa Pauline na taipureta yake. Katika cha pili alikaa mkuu wake, Bwana Abdirizak, na kompyuta. Kompyuta hiyo ilifunikwa kitambaa cheupe chenye darizi kama bibi harusi, na ilifunuliwa siku ambazo jenereta ilikuwa na mafuta. Haikuunganishwa na kitu chochote isipokuwa ukuta. Laini ya simu ilikuwa imechukuliwa na maji mwaka ule, na mwaka wa pili sasa ilikuwa haijarudi. Kwa hiyo intaneti ya Garsen ilikuja kwa basi: ofisi ya Nairobi ilichapisha kurasa zake, ikazitia ndani ya bahasha, ikamkabidhi dereva.

Abdirizak alikuwa mtu wa Garissa, mrefu, msafi, mpole hata kwa nzi. Aliamini mambo mawili hapa duniani: Mwenyezi Mungu na asilimia.

"Fungua wewe," alimwambia Pauline. "Mimi nitasikiliza."

Jambo lenyewe lilikuwa boti. Shirika lilikuwa limepata boti moja ya injini ya kuvushia wagonjwa maji yakipanda, na vijiji vitatu viliitaka. Watu wa Ngao walisema hospitali iko kwao, basi boti ikae kwao. Watu wa Idsowe walisema wao ndio walio karibu na barabara. Watu wa Hewani walisema wao ndio walio mbali, na anayekufa njiani hafi akiwa jirani wa hospitali. Mabaraza matatu yaliitishwa, na yote matatu yalivunjika kabla ya chai. Abdirizak aliandikia Nairobi, Nairobi ikawaandikia wafadhili ng'ambo, na huko ng'ambo akatokea mtu mwenye akili changa na kompyuta mpya akasema, mnagombana kwa nini? Wananchi waamue. Majina ya vijiji vitatu yakawekwa kwenye ukurasa wa shirika katika intaneti, kila mwenye maoni achague.

"Wananchi wapi, bosi?" Pauline alikuwa ameuliza siku ile.

"Wananchi," Abdirizak alijibu, kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

Sasa Pauline alisoma kwa sauti. Idsowe, kura kumi na nne. Ngao, sitini na moja. Hewani, elfu moja mia mbili na sita.

Abdirizak alichukua kikokotoo, akabonyeza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Tisini na nne nukta moja," alisema taratibu. Hiyo nukta moja ndiyo iliyomlainisha zaidi. "Pauline, umeona? Miezi minne tunatukanwa na wazee, kumbe jibu lilikuwepo tu linangoja kuhesabiwa."

"Bosi, mimi ni mzaliwa wa Ngao, labda nina wivu. Lakini Hewani unaizunguka kwa miguu na chai yako bado haijapoa. Hakuna umeme. Hakuna simu. Hao elfu moja mia mbili walipiga kura wakikaa wapi?"

"Ndiyo maana matokeo haya ni ya ajabu," alisema Abdirizak, na macho yake yalikuwa yameloa.

*

Baraza la nne liliitishwa Alhamisi, uwanjani mbele ya duka la mabati. Abdirizak alisoma matokeo mara mbili, mara ya pili pamoja na nukta.

Kisha akasimama Mzee Laban wa Ngao, dresa mstaafu wa hospitali na mzee wa kanisa, mtu ambaye alikuwa amefunga vidonda vya nusu ya watu waliokaa pale.

"Mimi nina miaka sitini na minane," alisema. "Nimepiga kura tangu kura zianze. Sijawahi kupigiwa na mtu nisiyemjua. Hao sitini na mmoja waliotuchagua Ngao ni akina nani? Nataka kuwashukuru. Na hao elfu moja mia mbili wa Hewani ni akina nani? Nao nataka kuwaona."

Macho yote yalimgeukia Ishmael, mwenyekiti wa wakulima wa Hewani. Ishmael alikuwa hajui lolote. Alikuwa amekuja kugombana kama kawaida, koo amelilainisha kwa asali, na sasa aliambiwa ameshashinda. Alinyoosha kola yake polepole.

"Sisi Hewani," alisema, "tuna watu wetu."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Ukweli ni kwamba Ishmael alikuwa na mtu mmoja tu nje ya Tana River, mpwa wake, bawabu kule Mtwapa. Lakini alilisema neno lile kwa utulivu kiasi kwamba hata watu wa Hewani wenyewe walianza kutazamana, kila mmoja akijiuliza jirani yake ana siri gani.

Mtu wa Idsowe alipiga kelele kwamba kura kumi na nne ni matusi, kwamba mezani kwake tu hula watu kumi na saba. Na katika kelele hiyo, mwanamke aliyekaa pembeni na vibuyu vyake vya maziwa aliinua mkono. Alikuwa Hawo, mama wa Kiorma aliyevuka kila siku kuuza maziwa Garsen.

"Mimi nakaa ng'ambo, kwa ng'ombe," alisema. "Jina letu liko wapi kwa hiyo karatasi?"

Abdirizak aliitazama karatasi mbele, akaigeuza nyuma. "Halipo, mama."

"Basi mimi nilichagua nani?"

Watu walicheka. Hawo hakucheka. Alipanga vibuyu vyake upya, akajifunika mtandio.

Mambo yangeishia hapo kama Abdirizak asingekuwa mtu mwaminifu. Alipokuwa akifunga baraza aliona ni haki kutaja kwamba ukurasa utaendelea kuwa wazi hadi mwisho wa mwezi, na kwamba haya ni matokeo ya hadi sasa tu. Siku kumi zilikuwa zimebaki. Mzee Laban, ambaye alikuwa ameshainuka kwenda zake, alikaa tena.

*

Jumamosi ujumbe wa Ngao ulishuka Malindi: Mzee Laban na wazee watatu wa kanisa, wote wamevaa koti na tai katika joto lile, na Pauline mbele yao kwa sababu yeye ndiye aliyejua kompyuta. Ujuzi wake ulikuwa wa kuifunua na kuifunika, lakini hilo hakuwaambia.

Duka lilikuwa la msichana mmoja aitwaye Hamdi, aliyeuza madaftari, akapiga picha za pasipoti, na kuwakodishia watalii kompyuta mbili kwa dakika. Aliwatazama wazee wanne wakivua kofia mlangoni mwake kama watu wanaoingia kuaga maiti.

"Karibuni wazee wangu. Mnataka kuandikia watoto barua?"

"Tumekuja kupiga kura," alisema Laban.

Hamdi hakuuliza zaidi. Dukani kwake alikuwa ameona mengi. Mashine ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi, na ukurasa ukaanza kushuka kutoka juu kidogo kidogo kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Hamdi hakungoja ushuke wote. Majina matatu yalipotokea, alimwonyesha Laban pa kubonyeza. Laban akabonyeza Ngao kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayetia wino kwenye hati ya shamba. Sitini na moja ikawa sitini na mbili. Wazee wakapiga makofi.

Mzee wa pili alikaa, akabonyeza. Mashine ikaandika: Asante, umeshapiga kura.

"Huyu hajapiga!" Laban alilalamika. "Aliyepiga ni mimi!"

"Baba, haijui watu," alisema Hamdi. "Inajua kompyuta. Kwake yeye nyinyi nyote ni mtu mmoja." Kisha akawahurumia. "Lakini naweza kuisahaulisha." Akafungua kitu, akafuta kitu, akafungua tena. "Sasa haiwakumbuki."

Wazee wote wanne walipiga kura. Hapo ndipo Laban alipokumbuka kwamba mke wake angekuja mwenyewe kama si mguu. Hamdi akaisahaulisha mashine, Laban akampigia mke wake. Mzee wa pili akakumbuka wake zake wote, wa sasa na marehemu. Wakaingia kwenye kwaya ya kanisa, sauti ya kwanza hadi ya nne. Wakamaliza kwaya, wakaingia kwa wahudumu wa hospitali. Kila mara mashine iliandika asante.

Kura ya arobaini na tatu, Laban aliondoa kidole na kujifuta jasho. "Pauline, mwanangu. Hii ni dhambi?"

"Ingekuwa sanduku, mzee, ungekuwa umeshakamatwa."

"Na hapa?"

"Hapa wanakushukuru."

Laban alilifikiria hilo. "Wanashukuru kila mara," alikubali, na akampigia kaka yake aliyefariki mwaka wa sabini na nane, ambaye, alisema, alikuwa na msimamo huohuo.

Kufikia adhuhuri Ngao ilikuwa na kura mia na arobaini na mbili, na wazee walikuwa wamechoka kama watu waliopalilia. Lakini kila ukurasa ulipofunguliwa upya, Hewani nayo ilikuwa imepanda. Elfu moja mia mbili na arobaini. Elfu moja mia mbili na hamsini na tano. Hakuna aliyekuwa akiwaona, na walikuwa hawachoki.

"Wako wapi watu hawa?" alinong'ona Laban, akitazama nyuma ya kompyuta.

Wazee walipotoka kutafuta chai, Pauline alibaki. Tangu asubuhi walikuwa wakibonyeza kabla ukurasa haujamaliza kushuka. "Dada Hamdi," alisema, "hebu tuuache ushuke wote. Nataka kuuona mpaka chini."

Walisubiri. Pembeni ya kila kijiji palikuwa na picha, na picha zilikuwa nzito, zilishuka mstari kwa mstari. Pembeni ya Ngao pakatokea safu ya vyoo vya mabati vilivyojengwa na mradi mwaka uliopita. Pembeni ya Idsowe pakatokea kiboksi kitupu chenye alama nyekundu ya kosa. Picha ilikuwa imepotea. Pembeni ya Hewani pakatokea kwanza tawi, halafu kichwa, halafu macho, na mwishowe kima mzima, mwekundu kama kutu, amelowa mvua, amemkumbatia mtoto wake kifuani, na anamtazama Pauline kama mjane anayeombwa kodi.

Chini ya picha watu walikuwa wameandika maneno. Kiingereza cha Pauline kilikuwa cha barua za ofisi, lakini kilitosha. Mwalimu mmoja wa Kanada alisema darasa lake lote limempigia kura mama huyu. Mtu wa Uholanzi aliandika kwamba alilia, kisha akawaambia wenzake kazini. Chama fulani cha wapenda wanyama kiliwahimiza wanachama wake wote wahakikishe boti inakwenda kuwaokoa kima hawa mafuriko yakija. Na bibi mmoja aliuliza kwa upole kama boti ina paa, maana kima hawapendi kunyeshewa.

Pauline alicheka mpaka akaegemea meza ya madaftari. Hamdi alikimbilia maji.

Wazee waliporudi, aliwasomea. Laban alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Kwa hiyo tumeshindwa na nani?"

"Na kima, mzee."

Laban alivaa kofia, akaivua tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua ukubwa wa aibu yake, "Ni mmoja, au wengi?"

*

Jumatatu Pauline alimweleza Abdirizak kila kitu, pamoja na kwaya. Abdirizak alikaa. Aliitazama kompyuta iliyofunikwa kama mtu anayemtazama mchumba baada ya kusikia habari.

"Lakini asilimia yenyewe ni sahihi," alisema mwishowe, kwa unyonge.

"Ni sahihi kabisa, bosi. Asilimia tisini na nne ya watu wanaopenda kima wanapenda kima."

Habari haikuhitaji intaneti kufika Hewani. Ilifika siku hiyohiyo. Wa kwanza kuumia alikuwa Ishmael. Mtu huyu alikuwa ameyalinda maembe na mahindi yake dhidi ya kima tangu utotoni. Kombeo lake lilijulikana hadi kijiji cha Wema. Walisema angeweza kumpiga kima sikio la kushoto akiwa amelenga la kulia. Sasa majirani walimwona amekaa chini ya mwembe wake mwenyewe, kombeo limelala mapajani, na juu yake kima wanakula na kumwangushia makokwa.

"Warushie!" mkewe alimwambia.

"Nitawarushiaje? Ndio waliotupigia kampeni."

Ilichukua siku tatu. Siku ya nne walimwangushia kokwa kwenye uji, na shukrani zikaisha.

Pauline, kwa upande wake, aliomba ruhusa ya wiki moja na daftari jipya. Kama kuuliza ulimwengu mzima kumeleta kima, alisema, basi yeye atawauliza watu wenyewe, kwa miguu, uso kwa uso. Abdirizak alimpa madaftari mawili.

Alianzia Ngao kwa sababu ndiko nyumbani. Aliuliza watu thelathini boti ikae wapi, na wote thelathini walisema Ngao. Mmoja alianza kusema Idsowe, akaona jirani anasikiliza, akasema alikuwa anakohoa. Mzee Laban alifuatana na Pauline nyumba kwa nyumba kumsaidia. Alisimama nyuma yake na kuwatikisia watu kichwa. Kesho yake Idsowe walisema Idsowe. Sokoni Garsen mwanamke wa samaki alimuuliza, "Wewe unataka niseme nini, mwanangu? Nataka kuuza." Mwingine alitaka kujua aliyetangulia amesema nini ili naye aseme hivyohivyo. Kufikia Jumatano Pauline alilitazama daftari lake na kuona kwamba ni ule ukurasa wa Malindi, ila huu una miguu na jasho.

Alikaa kwenye benchi la wauza maziwa, akavua viatu. Hawo alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

"Umechoka kuuliza?"

"Nimechoka kujibiwa, mama."

Hawo alikaa karibu naye. "Swali lako ni la kugombanisha watu. Ukiuliza mtu boti ikae wapi, atakwambia mlangoni kwangu. Hata mimi. Uliza kitu anakumbuka. Uliza, mwaka wa maji, mgonjwa wako alikwama wapi?"

Pauline alichukua kalamu. "Na wako, mama, alikwama wapi?"

Hawo alifunika kibuyu, akakifunua, akakifunika.

"Kwa Chande," alisema. "Binti yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulifika pale asubuhi. Maji yalikuwa bahari. Mzee Chande alijaribu na mtumbwi wake mara mbili, mto ukamrudisha. Tulivuka jioni." Akatazama upande wa mto. "Binti tulimpata. Mtoto hatukumpata."

Pauline aliandika neno moja, Chande, akaliacha daftari limefunguka mapajani. Walimaliza maziwa pamoja.

Kwa Chande hapakuwa kijiji. Palikuwa kona moja ya mto, nyumba moja ya makuti na mtumbwi mmoja, na mwenyewe Mzee Chande, mvuvi aliyevusha watu tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Njia ya Hewani ilifikia hapo, njia ya wafugaji wa ng'ambo ilifikia hapo, na mtu wa Idsowe barabara ikizama hakuwa na pa kwenda isipokuwa hapo. Jina hilo halikuwahi kutajwa katika baraza lolote kwa sababu Chande hakuwa na mwenyekiti wala mtu wa kumpigia kelele.

Pauline alirudia safari yote, Ngao, Idsowe, Hewani, na siku mbili nzima kwa wafugaji, ambako hakuthubutu kuuliza mtu ana ng'ombe wangapi, maana hilo haliulizwi. Aliuliza lile moja tu. Safari hii watu hawakumjibu upesi. Walikaa chini. Walimpa maji. Walimtajia siku, saa, nguo aliyovaa mgonjwa. Ishmael, bila kola na bila watu wake wa kila mahali, alimwambia jinsi alivyombeba mama yake mgongoni na kungoja Kwa Chande mpaka mama akamwambia amrudishe nyumbani akalale. Na Mzee Laban, alipoulizwa, aliacha kutikisa kichwa.

"Mimi nilikuwa upande wa pili, wa hospitali," alisema. "Nilikuja na mkoba wa dawa. Nikawa nawapigia kelele juu ya maji, mfungeni hivi, mpeni hivi. Upepo ulichukua maneno. Sijui walisikia nini."

Watu tisini na sita walikuwa na cha kukumbuka. Sabini na mmoja kati yao walisema Kwa Chande.

Abdirizak alibonyeza kikokotoo. "Sabini na nne," alisema. "Bila nukta." Kisha mazoea yakamrudia. "Lakini Pauline, hawa ni tisini na sita tu. Nairobi ina watu elfu moja na mia tatu."

"Bosi, hawa tisini na sita walikuwepo."

Abdirizak alifunga kikokotoo. Aliandika barua ndefu, ya kwanza maishani mwake yenye neno *hapana* ndani, akaipeleka kwa basi. Jibu lilikuja baada ya wiki moja, fupi. Boti ilikuwa njiani. Ilikuwa imeshapakwa rangi. Wafadhili waliuliza lini watapata picha za kima, na ofisi ya Nairobi iliuliza ni nani aliyemruhusu karani kufanya utafiti.

"Niandike nini?" Pauline aliuliza.

"Andika ni mimi," alisema Abdirizak.

*

Boti ilikuja Garsen juu ya lori. Ilikuwa nyeupe, nzuri, na ubavuni imechorwa kima mwekundu aliyekumbatia mtoto, na chini yake, kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya mto, HEWANI. Umati ulilizunguka lori. Watu wa Ngao walikuja na nyuso za msibani. Watu wa Idsowe walikuja kuona kama watu wa Ngao watapigana. Abdirizak alisimama juu ya ndoo, akasoma hesabu ya Pauline, tisini na sita na sabini na mmoja, na kisha akasema kweli yote: kwamba yeye hana uwezo wa kuhamisha boti, maana dunia imeshapiga kura na Nairobi imekubali.

Kelele zilianza. Ishmael ndiye aliyezinyamazisha. Alipanda kwenye lori, akajiegemeza kwenye boti, mkono juu ya kichwa cha kima.

"Boti ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Hewani," alisema Abdirizak kwa huzuni.

"Sema kwa nguvu. Kura ngapi?"

"Elfu moja mia tatu na kumi na nane, mwishowe."

"Mmesikia? Basi mwenye mali ndiye anayesema mali yake ilale wapi. Si Nairobi wala Uholanzi. Mimi mwenyekiti wa Hewani, kwa kura hizo zote, naiazima boti yangu Kwa Chande. Mwenye kura zaidi ya hizo asimame anipinge."

Hakusimama mtu. Watu wa Hewani walitazamana, kisha mama mmoja akapiga kigelegele, na baada ya hapo hapakuwa na namna ya kupinga. Mzee Laban aliinua kofia yake juu kidogo, akaishusha.

Lori liliteremka njia ya mto. Mzee Chande alitoka nyumbani kwake akiwa na upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi, akaitazama injini, akauliza inakula nini. Siku ya kwanza aliigongesha boti ukingoni mara tatu na kuitukana kwa Kipokomo kizuri ambacho Laban alikataa kukitafsiri mbele ya Pauline. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa akiipigia mluzi kama mbwa. Nairobi walitumiwa picha ya boti majini, na barua ya Abdirizak, mtu asiyejua uongo, ikisema kwamba chombo kinapita karibu na makazi ya kima kila siku na kwamba hakuna kima aliyelalamika.

Mvua za vuli zilipofika, mto ulipanda hadi mlangoni kwa Chande. Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa Idsowe, amejikunja kwa maumivu ya tumbo, amefunikwa turubai. Pauline alikuwa hapo kwa sababu Abdirizak alitaka saa iandikwe. Alishika upande mmoja wa machela, Hawo, aliyekuwa amekuja kuvuka na maziwa yake, akashika mwingine, wakaingia majini mpaka magotini, wakampakia fundi, nao wakapanda. Chande akavuta kamba ya injini mara moja, mara mbili, ikaitika.

Walikuwa ng'ambo kabla Pauline hajapata kalamu mfukoni. Huko alimwona Laban na mkoba wake akimpokea fundi, akimwinamia, akizungumza naye karibu kabisa na sikio. Pauline alikamua sketi yake, akatazama saa, akaandika dakika sita.